Mwaka Niliourudia: Shajara ya Kuomba Nafasi ya Ubingwa

15 Machi 2024

Leo ni Ijumaa ya matokeo kwa darasa nililoanza nalo udaktari mwezi Agosti 2020. Saa sita mchana wamefungua bahasha zao na kujua ni hospitali gani zitakazowachukua kwa mafunzo ya ubingwa kuanzia kiangazi. Mimi nilikuwa wodini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikiandika maelezo ya mgonjwa mwenye nimonia, na vifijo nilivisikia kwa mbali kutoka ukumbi wa chini. Nilipaswa kuwa ukumbini. Nipo nyuma yao mwaka mmoja kwa sababu mwaka wa kwanza nilifeli Anatomia na Fiziolojia, na kamati inayosimamia maendeleo ya wanafunzi ikaamua niurudie mwaka mzima badala ya kufanya mitihani ya marudio.

Ninaanza shajara hii leo ili niwe na mahali pa kuandika kila hatua ya maombi yangu, ambayo yatapelekwa mwezi Septemba kupitia ERAS, mfumo wa kielektroniki wa maombi unaoendeshwa na AAMC, yaani muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani. Ninaomba magonjwa ya ndani, mafunzo ya miaka mitatu. Lengo la mradi ni kupata nafasi Machi 2025. Kazi ya kwanza, kwa jinsi ninavyoiona leo, ni kuamua namna ya kuusema ule mwaka.

3 Aprili 2024

Nimekutana na mkuu msaidizi wa masuala ya wanafunzi. Nilikwenda na swali moja ambalo nilikuwa nimelizungusha kichwani kwa wiki mbili: je, ni lazima niutaje? Hakunijibu kwa maneno. Alifungua kwenye kompyuta yake mfano mtupu wa MSPE, waraka rasmi ambao chuo humwandikia kila mwombaji na ambao wengi bado huuita barua ya mkuu wa chuo, akashuka mpaka sehemu ya historia ya masomo, akanigeuzia kioo nisome. Sehemu hiyo inataka tarehe ya kujiunga na tarehe ya kuhitimu, kisha inauliza kama muda wa masomo uliongezwa au ulikatizwa na kwa nini, kama mwanafunzi alitakiwa kurudia somo lolote, na kama aliwahi kuchukuliwa hatua ya kinidhamu. Fomu ya ERAS yenyewe nayo ina swali lake kuhusu masomo yaliyoongezwa muda au kukatizwa. Kwa hiyo mkurugenzi wa programu ya mafunzo ya ubingwa atausoma mwaka ule mara mbili kabla hata hajafika kwenye barua yangu, na mara moja kati ya hizo kwa maneno ambayo sikuyaandika mimi.

Niliondoka pale nikiwa nimepungukiwa na mzigo. Kwa wiki mbili nilikuwa nikipima faida na hasara za kuficha jambo lisilofichika. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba maneno ya chuo na maneno yangu hayapingani, maana tofauti ndogo tu, kama chuo kuandika masomo mawili na mimi kuandika moja, ingeonekana kuwa uongo hata kama ni usahaulifu. Nimeomba nakala ya uamuzi wa kamati wa mwaka 2021 na nakala ya matokeo yangu yote. Mwanafunzi anaruhusiwa kuisoma MSPE yake na kusahihisha makosa ya ukweli, na nimejiandikia kikumbusho cha kufanya hivyo itakapokuwa tayari.

28 Aprili 2024

Nakala zimefika. Nimekaa nazo Jumapili nzima.

Rasimu ya kwanza ya maelezo yangu ilikuwa na sentensi kumi na moja. Niliandika kuhusu gonjwa la UVIKO-19, mihadhara ya video, chumba kidogo nilichosomea, maktaba iliyofungwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilipoyasoma kwa sauti nilijiuliza swali ambalo msailiwa yeyote atalitarajia: wenzangu wote walianza mwezi ule ule, chini ya gonjwa lile lile, mbele ya video zile zile, na walio wengi walifaulu. Sababu inayomgusa kila mtu haiwezi kueleza kwa nini mimi nilifeli na jirani yangu alifaulu.

Rasimu ya pili iliangukia upande wa pili. Nilijishutumu kwa aya nzima, mpaka msomaji angeanza kunionea huruma, au pengine angeshangaa kwa nini chuo kilinirudisha darasani. Toba ndefu nayo ni namna ya kujizungumzia.

Katika rasimu zote mbili kulikuwa na neno moja nililolikuta limejipenyeza mara tano: changamoto. Siku hizi neno hilo hufunika kila kitu, kuanzia bomba lililopasuka mpaka ndoa iliyovunjika, na ndiyo maana halisemi lolote. Huwa ninaandika rasimu kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayojidanganya nayo kwa taabu zaidi, kisha ninazihamishia Kiingereza cha fomu. Nimelifuta neno mara zote tano na mahali pake nikaandika "nilifeli". Aya ikapungua nusu papo hapo.

12 Mei 2024

Sentensi zimekuwa nne. Ninazinakili hapa ili nisizibadilishe tena bila sababu:

"Katika mwaka wa masomo 2020–2021 nilifeli Anatomia na Fiziolojia, na kamati ya chuo iliamua nirudie mwaka wa kwanza wote. Nilikuwa nikisoma kwa kunakili na kurudia kusoma bila kujipima, na sikuomba msaada mpaka mtihani wa mwisho ulipokuwa umepita. Nilipourudia mwaka nilijipima kwa maswali kila siku na nilikutana na mkufunzi kila wiki. Tangu wakati huo sijafeli somo, mzunguko wa wodini wala mtihani wa leseni."

Sentensi ya pili ndiyo iliyonichukua muda. Nilitaka kuandika kwamba sikujua kusoma, jambo ambalo si kweli, kisha kwamba nilikuwa mvivu, jambo ambalo si kweli pia, kwa sababu nilijaza madaftari saba ya Anatomia kwa kalamu za rangi nne. Nimeyatoa madaftari hayo kwenye sanduku leo. Ukurasa wa mishipa ya fahamu ya mkono ni mzuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Hakuna hata swali moja katika kurasa zote zile, wala mahali popote ambapo nililifunga daftari nikajaribu kukumbuka kilichoandikwa. Nilikuwa ninapamba kile ambacho sikukijua. Na nusu ya pili ya sentensi ile, kwamba sikuomba msaada, ndiyo inayoniuma zaidi, na ninashuku ndiyo itakayoulizwa.

11 Julai 2024

Leo nimefanya Step 2 CK, hatua ya pili ya mtihani wa leseni ya udaktari ya Marekani: siku moja ya saa tisa, vipindi vinane vya dakika sitini, na maswali yasiyozidi 40 katika kila kipindi. Nimetoka nikiwa na njaa na bila maoni.

Ninaandika kwa nini mtihani huu umebeba uzito mkubwa katika mradi. Tangu tarehe 26 Januari 2022, Step 1 hutolewa kwa majibu mawili tu, kufaulu au kufeli. Niliufanya mwaka 2023 na nikafaulu kwa mara ya kwanza, lakini kufaulu huko hakumwambii msomaji kama nilipita kwa tabu au kwa raha. Step 2 CK bado inatoa alama kwa namba. Kwa mtu mwenye rekodi safi, namba hiyo ni moja kati ya mambo mengi. Kwangu mimi ndiyo namba pekee ya kitaifa, iliyotolewa na watu wasionijua, inayoweza kusimama upande wa pili wa mizani na mwaka 2021. Nilichagua Julai makusudi ili matokeo yatoke kabla ya kupeleka maombi, na ili kama yangekuwa mabaya nipate muda wa kuibadilisha orodha ya programu.

Maandalizi yalikuwa wiki sita, maswali 80 kwa siku, na daftari moja la makosa lenye safu tatu: nilichojibu, jibu sahihi, na kwa nini nilikosea. Safu ya tatu ilikatazwa kuwa na maneno "sikujua" isipokuwa ikiwa kweli sikujua. Mfano mmoja wa tarehe 9 Juni: mwanamume mwenye saratani ya mapafu ya seli ndogo, sodiamu ya damu iko chini, hana degedege, hajachanganyikiwa, anazungumza vizuri. Nilichagua kumpa maji ya chumvi kali kwa mshipa. Jibu lilikuwa kumpunguzia maji anayokunywa. Ugonjwa nilikuwa nimeutambua vizuri kabisa, na nilijua kwamba kuipandisha sodiamu haraka kwa mtu ambaye imeshuka polepole kunaweza kumharibu ubongo. Katika safu ya tatu niliandika: "Niliiona namba, sikumwona mgonjwa." Kosa la namna hiyo lilijirudia mara kumi na nne ndani ya wiki mbili, kwa magonjwa tofauti kabisa, na bila daftari ningeyahesabu kuwa makosa kumi na manne yasiyohusiana.

31 Julai 2024

Alama: 251. Kiwango cha kufaulu mwaka huu ni 214. Nimempigia dada yangu, tukanyamaza wote wawili kwenye simu kwa muda, kisha nikarudi wodini.

18 Agosti 2024

Wiki ya tatu ya mzunguko wa magonjwa ya ndani wa mwaka wa nne, ule ambao mwanafunzi hubeba wagonjwa karibu kama intani. Mzunguko huu ndio unaotoa barua ya mapendekezo yenye uzito, kwa kuwa daktari msimamizi humwona mwanafunzi kila asubuhi kwa wiki nne mfululizo. ERAS huruhusu barua zisizozidi nne kwa kila programu. Ninazo mbili za mwaka wa tatu, na ya idara inaandaliwa.

Jumanne tulikuwa na mgonjwa wa miaka sabini na kitu, moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, miguu imevimba, yuko kwenye dawa ya mshipa ya kumtoa maji. Usiku alikuwa ametoa mkojo zaidi ya lita tatu, na karatasi ya asubuhi ilionyesha kwamba uzito wake umeongezeka kilo mbili na nusu. Mpango ulioandikwa usiku ulikuwa kuongeza dozi. Nilirudi chumbani. Alikuwa amepimwa na mizani ya kitanda, na kitandani, chini ya blanketi mbili za ziada, karibu na miguu yake, kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni ulioachwa hapo aliporudi kutoka kwenye eksirei. Nilimwomba muuguzi tumsimamishe kwenye mizani ya kawaida. Uzito ulikuwa umeshuka.

Daktari msimamizi aliniuliza ni nini kilichonirudisha chumbani. Nilimwambia kwamba namba mbili zilikuwa zikibishana na mmoja wa mashahidi alikuwa mgonjwa mwenyewe, sikuwa nimemwuliza. Baada ya raundi nilimwomba barua. Nilimwuliza waziwazi kama anaweza kuniandikia barua yenye nguvu, maana barua ya uvuguvugu ni hasara kuliko kukosa barua, na nikamweleza kuhusu mwaka 2021 kabla hajajibu. Alisikiliza, akauliza kama ninataka autaje. Nilimwomba aandike tu aliyoyaona kwa macho yake. Mwaka ule hakuwapo, na akiutetea atakuwa anatetea kwa kusimuliwa. Nimesaini kuiachia haki ya kuisoma barua yake, kama inavyoshauriwa, hivyo sitajua kama mtungi wa oksijeni umo.

24 Septemba 2024

Maombi yamekwenda. Kesho asubuhi programu zitaruhusiwa kuyafungua, pamoja na MSPE. Nimeisoma MSPE yangu mara mbili. Kuna kosa moja la tarehe, na limerekebishwa. Aya yao kuhusu kurudia mwaka ina sentensi mbili, kavu, sahihi. Zangu nne zinakubaliana nazo.

Programu 34. Ada ni dola 11 kwa kila programu kati ya 30 za kwanza na dola 30 kwa kila inayozidi hapo, kwa hiyo jumla ni dola 450, bila kuhesabu ada za nyaraka nyingine. Nne za mwisho zimenigharimu dola 120, na tulibishana sana juu yake, mimi na pochi yangu. Kwa magonjwa ya ndani mwaka huu mwombaji hupewa ishara 15 za kuonyesha nia, tatu za dhahabu na kumi na mbili za fedha. Ishara za dhahabu nilizipeleka kwa programu ambazo wahitimu wa chuo chetu wamewahi kuchukuliwa, tena wakiwemo wenye rekodi zisizonyooka. Kujipa moyo kwa kuzipeleka zote tatu kwenye hospitali zenye majina makubwa kungekuwa sawa na kuzitupa.

Jambo moja la kuamua lilinichosha kuliko lilivyostahili. ERAS ina insha fupi ya hiari, ya herufi 750, kwa waombaji waliokutana na magumu au vikwazo vilivyoathiri safari yao ya udaktari. Watu watatu walinishauri niutumie mwaka 2021 hapo. Nimeiacha wazi. Kwa ninavyoielewa, sehemu hiyo ni ya aliyepandishwa mlima na maisha, na mimi mlima wangu niliuchimba mwenyewe kwa kalamu za rangi nne. Sentensi nne ziko kwenye swali la masomo yaliyoongezwa muda, mahali zinapoulizwa. Katika barua binafsi, yenye ukurasa mmoja, mwaka ule una sentensi moja tu, ya tatu kutoka mwisho, na ukurasa uliobaki unazungumzia wagonjwa.

6 Novemba 2024

Mialiko ya usaili: 11. Majibu ya kukataliwa: 9. Kimya: 14. Kati ya programu tatu za dhahabu, mbili zimenialika. Kimya kina adabu mbaya kuliko kukataliwa, ila si kazi ya shajara hii kukifundisha adabu.

14 Desemba 2024

Nimefanya usaili mara saba, wote kwa video, kama programu nyingi za magonjwa ya ndani zinavyofanya tangu 2020.

Mazoezi yalikuwa hivi: rafiki yangu mmoja, ambaye sasa ni intani, alinipigia simu ya video kila Alhamisi na kuniuliza kuhusu mwaka 2021 wakati nisioutarajia, mara katikati ya swali la utafiti, mara mwishoni nilipokuwa nikijiandaa kuaga. Jibu lilipaswa kuisha ndani ya sekunde arobaini. Mara ya kwanza lilichukua dakika mbili na nusu, na aliniambia kwamba nilianza kuangalia pembeni kwenye sekunde ya ishirini. Kufikia Novemba lilikuwa sekunde thelathini na nane na macho yalikuwa mahali pake.

Katika usaili wa kwanza niliulizwa kama tulivyofanya mazoezi, nikajibu kama tulivyofanya mazoezi, na msaili akaendelea. Wa pili vivyo hivyo. Wa nne haukuuliza kabisa. Wa tano ndio ninaotaka kuuandika.

Mkurugenzi wa programu hiyo ni mtu wa maneno machache. Aliisikiliza ile hadithi mpaka mwisho, akaandika kitu, kisha akasema: "Haya yote nimeyasoma. Swali langu ni jingine. Mwaka wa kwanza wa ubingwa ni mgumu kuliko mwaka ule. Ukianza kulemewa mwezi wa Oktoba, mimi nitajuaje?"

Sikuwa na sekunde thelathini na nane kwa swali hilo. Nilinyamaza. Jibu la haraka lilikuwa kwamba sitalemewa, na nilijua kwamba nikilitoa nitakuwa nimesema kile kile nilichojiambia mwaka 2020. Nikamjibu hivi: "Utajua kwa sababu nitakuambia, na nikichelewa zipo dalili mbili. Ya kwanza, ninaanza kuandika maelezo marefu na mazuri kupita kiasi. Ya pili, ninaacha kuuliza maswali kwenye raundi. Mkufunzi wangu anazijua zote mbili, na nitamwambia mkuu wa wakazi, yaani kiongozi wa madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa, azijue wiki ya kwanza." Aliinua macho kutoka kwenye karatasi na kuuliza kuhusu hayo maelezo marefu, nikamweleza kuhusu madaftari saba. Tulizungumza dakika kumi juu ya madaftari. Sikupata nafasi ya kutaja alama 251, na wala sikukumbuka kuitaja.

Baadaye nilitambua kwamba sentensi zangu nne zilijibu swali la nini kilitokea, ilhali wasaili makini wanaulizia kitakachotokea. Sijazibadilisha. Nimeongeza tu mazoezi ya swali la Oktoba, na kwa bahati, usaili uliofuata nao uliliuliza kwa maneno mengine.

2 Machi 2025

Orodha ya vipaumbele lazima ithibitishwe kwenye mfumo wa NRMP, shirika linalowalinganisha waombaji na programu, kabla ya saa tatu usiku, saa za mashariki, tarehe 5. Yangu ina programu 11, zote nilizosailiwa, kwa kuwa hakuna hata moja ambayo ningependelea kuikosa kuliko kuipata.

Kishawishi cha wiki hii kilikuwa ujanja. Mwenzangu mmoja alinishauri niiweke juu programu iliyo rahisi kunichukua, kwa kuwa, alisema, mtu mwenye historia yangu hawezi kujirushia chaguo la kwanza hewani. Ushauri huo una sura ya busara na ni kosa la hesabu. Mfumo huanza na chaguo la kwanza la mwombaji. Programu humshikilia kwa muda ikiwa ina nafasi, au ikiwa inampenda kuliko mmoja wa wale inaowashikilia tayari. Aliyeachiliwa hushuka kwenye chaguo lake linalofuata na kujaribu upya, na haki yake huko ni sawa na ya mtu aliyeiweka programu hiyo ya kwanza. Kujaribu juu hakumpunguzii mtu nafasi yake ya chini. Wazo hilo limo katika makala ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962, na utaratibu unaotumika sasa, uliosanifiwa na Alvin Roth na Elliott Peranson, ulianza kazi katika ulinganishaji wa mwaka 1998. Roth na Shapley walipewa tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Nimemtumia mwenzangu maelezo hayo, naye amenijibu kwa kidole gumba.

Kwa hiyo nimepanga kwa ninavyotaka. Programu ya mkurugenzi wa Oktoba iko namba moja. Ile ambayo haikuniuliza chochote kuhusu mwaka 2021 iko namba sita, si kwa sababu hiyo, bali kwa sababu kliniki yao ya wagonjwa wa nje iko mbali na wodi na nilipenda zile zilizo karibu.

17 Machi 2025

Jumatatu. Barua pepe imekuja nikiwa kwenye ngazi. Nimepata nafasi, ila jina la hospitali litajulikana Ijumaa. Waliokosa wanaanza leo hii mzunguko wa nyongeza uitwao SOAP, wenye maombi yasiyozidi 45, na mmoja wao anakaa chumba cha jirani. Sikupiga kelele. Nimekwenda kumsaidia kupanga nyaraka, kwa kuwa faili langu la programu lilikuwa bado limepangwa vizuri na lake lilikuwa limevurugika kwa machozi.

21 Machi 2025

Namba sita.

Nimeisoma karatasi mara tatu. Kwa miezi kumi na miwili nimeziandaa sentensi nne, nimezipima kwa saa, nimezitetea mbele ya watu kumi, na programu iliyonichukua ndiyo pekee ambayo haikuuliza. Rafiki yangu intani amecheka mpaka akaziba maikrofoni. Ninaiandika hapa kwa haki: niliumia kidogo kwa namba moja, kwa muda wa kama saa moja, kisha nikaanza kuangalia ramani ya barabara kutoka wodini hadi kliniki. Si mbali kama nilivyodhani. Jirani yangu naye amepata nafasi ya mwaka mmoja wa maandalizi, jana.

9 Aprili 2025

Hospitali imenitumia nyaraka za kuanza kazi, pamoja na maombi ya leseni ya mafunzo ya bodi ya madaktari ya jimbo. Kurasa nyingi ni za anwani, chanjo na alama za vidole. Swali moja kuelekea mwisho linauliza kama masomo yangu ya udaktari yaliwahi kuongezwa muda au kurudiwa, na kama ndiyo, nieleze.

Nimefungua faili la tarehe 12 Mei, nikazinakili zote nne bila kubadilisha neno. Kisha nimemwandikia mkuu wa wakazi kumwomba dakika kumi na tano katika wiki ya kwanza ya Julai, na amekubali.